Mwezi Juu ya Dungu Letu

Picha moja tu ingeweza kubaki na sura ya mke wangu, na ilipigwa usiku, shambani kwetu ng'ambo ya Ifakara, wakati wa Mjerumani.

Padri wa misheni alitaka mwezi na mawingu juu ya milima. Mimi nilimbebea kamera. Aliisimamisha mbele ya dungu letu, kile kichanja cha miti cha kulindia mpunga, na mke wangu alikuwa amekaa juu. Padri akaona vema naye atokee.

"Mama, usitikisike mpaka nifunike kioo cha kamera. Mwanga wa mwezi ni mdogo, utachukua muda."

"Muda gani, Padri?"

"Kama wa kuchemsha maji."

"Maji ya watu wangapi?" akauliza, nasi tukacheka. Kisha akatulia.

Kabla Padri hajafunika, tulisikia mpunga ukivunjika upande wa mto. Viboko. Mke wangu hakungoja ruhusa ya mtu. Akavuta kamba yenye vibuyu vya kokoto, akainama huku na huku akipiga kelele, hadi wale wanyama wakarudi majini.

"Sasa hutaonekana," nikamwambia.

"Na wewe ungekula picha?"

Padri aliposafisha picha, mwezi ulikuwa umejivuta kama punje ya mpunga. Mawingu yalitandaa kama uji uliomwagika. Dungu lilionekana mti kwa mti. Juu yake hapakuwa na mtu. Padri akasema atampiga nyingine, mchana. Mke wangu akajibu, "Tuvune kwanza." Nikaona ana haki.

Tulivuna. Kisha vita vya Maji Maji vikafika bondeni, na askari wakachoma maghala, letu likiwamo. Njaa iliyofuata ndiyo iliyomchukua. Padri alikuwa ameshaondoka na kamera yake.

Karatasi ya picha ile aliniachia. Sura ya mke wangu naikumbuka vipande vipande, na kila mwaka kipande kimoja hakirudi. Sauti ya vibuyu bado naisikia yote.

Wageni wakiiona husifu mwezi. Nami nawaonyesha juu ya dungu, nawaambia hapa alikuwa amekaa mke wangu. Wanatazama kwa muda, kisha wananirudishia kwa mikono miwili.