Mgumu wa Kwanza Kwenye Orodha

Kaka mmoja wa Uru alisimama mbele ya meza yangu, pale ofisini Moshi, akagoma kukaa. Alikuwa mgumu wa miaka mingi; wagumu ndio wapagazi wa mlimani. Kahawa ilipoporomoka bei alimwachia mkewe shamba, akawa wa kwanza kujiandikisha kwenye kampuni yetu ya kupandisha watalii. Lakini tangu tuhamishie zamu kwenye kompyuta hakuwa ameitwa hata mara moja, na nyumbani kwake walikuwa wanakula ndizi asubuhi, ndizi jioni.

"Dada, wewe ni wa Marangu," alisema. "Wanaopanda ni wa Marangu. Mimi nielewe nini?"

Lisemwalo lipo, nami niliamini lipo, ila halikuwa mkononi mwangu. Nilimshuku bosi, aliyekuwa akikalia kiti changu nikienda kula. Nilimshuku pia fundi wa Arusha, aliyetutengenezea ukurasa wa zamu kisha akaacha kupokea simu. Mimi ndivyo nilivyo. Hata maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe nayanusa kabla ya kumimina.

Ndiyo maana nilipojifunza kuweka madai kwenye skripti, yale maagizo yanayoendesha ukurasa, nilifurahi sana. Unaandika katikati ya msimbo: hapa jambo hili lazima liwe kweli. Likiwa kweli, konsoli, kile kidirisha cha chini ya brauza, inanyamaza. Likiwa uongo, inatoa mstari mwekundu. Nikadai kwamba majina yote ya tuliowaandikisha yamo. Kimya. Kwa hiyo bosi hakufuta mtu. Nikadai kwamba hakuna jina lililoingia mara mbili, maana bosi ana mashemeji wengi. Kimya tena, na kusema kweli kiliniudhi. Mwisho nikaandika dai ambalo sikuona hata sababu ya kulishuku: zamu zikimaliza mzunguko, zinarudi kwa mtu wa kwanza. Hapo mstari mwekundu ukatoka.

Kompyuta huanza kuhesabu orodha na sifuri. Fundi alianza na moja, kama mtu anayehesabu mikungu sokoni, na aliyekaa kwenye sifuri akawa anarukwa kila mzunguko. Hakukuwa na mwizi. Aliyewahi kuliko wote ndiye aliyeachwa. Nikarekebisha, konsoli ikanyamaza, nikampigia simu kaka wa Uru kwa furaha.

Alipofika nilimwonyesha kila kitu. Nikarudisha ile moja, mstari mwekundu ukatokea. Nikaweka sifuri, ukatoweka, na jina lake likaja juu kabisa, apande kesho. Yeye alikuwa anatazama kidole changu kuliko kioo.

"Yaani unabonyeza hapo tu?"

"Hapo tu, kaka."

"Haya, asante. Kesho nitakuja mapema," alisema, akivaa kofia yake. "Ila nilijua tu ni wewe."