Usimuuzie Mwenzako Giaboksi Iliyokufa

Siku ambayo Mzee Salim alinifokea mbele ya mafundi wake wote, mwanangu, nilikuwa na miaka thelathini na miwili na nilijiona mjanja kuliko Nakuru nzima. Naikumbuka siku hiyo kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Mzee alisimama kando ya meza yake ya chuma, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni, akaninyooshea kidole. Mtu yule hakuwa na tabia ya kupiga kelele, na ndiyo maana gereji yote iligeuka kututazama.

Nitakueleza nilichofanya, na nitakueleza kwa hasira. Usidhani hasira hii ni ya zamani peke yake. Nusu yake ni yako. Juzi ulinipigia simu ukaniuliza kama ufungue giaboksi ya gari lako itengenezwe, au utafute nyingine uibadilishe kabisa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu mtoto wa kaka yangu amekuwa mtu mzima, anauliza kabla ya kuharibu. Halafu ukacheka, ukaniambia, "Ama niiwekee dawa tu, shangazi, nimwachie mtu mwingine hiyo shida. Si kila mtu hufanya hivyo?"

Simu ikakatika. Ulinitumia ujumbe kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Ni mimi niliyekata.

Sasa sikiliza.

Wakati ule nilikuwa na stesheni nyeupe, lile gari refu lenye nafasi ya mizigo nyuma. Kila asubuhi niliijaza kabeji na sukuma wiki hapa kwetu Bahati, nikateremka nazo mpaka sokoni Nakuru. Gari lile lilifanya kazi kama punda, na mimi nililitumia kama punda, sikulionea huruma. Likaanza kulia. Kwanza kidogo, kwenye gia ya tatu, kama mtu anayesaga meno usingizini. Baadaye likawa linalia kwenye kila gia, hata watu wa barabarani wakawa wanageuka kunitazama.

Nikalipeleka kwa Mzee Salim. Huyu alikuwa fundi wa miaka mingi mjini Nakuru, mzee Mwislamu mwenye kofia nyeupe ambayo sijui aliikingaje na grisi. Hakufungua kitu. Aliliendesha gari kwenda na kurudi, redio imezimwa, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua. Aliposhuka akaniambia, "Mama, hii giaboksi imekwisha. Beringi zimekufa, na meno ya gia yamelika. Hii si ya kufunguliwa tena. Nikuondolee, nikuwekee nyingine nzuri. Kama umechoka na gari lenyewe, liuze, lakini mwambie mnunuzi kwamba giaboksi imekufa, akitaka alichukue hivyo. Hakuna njia ya tatu."

Nikamwambia nitafikiria. Uongo. Sikufikiria hata kidogo. Niliondoka pale nikiitafuta hiyo njia ya tatu, na mwanangu, ukiitafuta hukosi wa kukuuzia.

Niliipata kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Jina lake sikupi, ameshakwenda mbele ya haki. Alicheka nilipomtajia Mzee Salim. Akachukua unga wa mbao, lile vumbi la msumeno, akaukoroga na mafuta mazito, akaumimina ndani ya giaboksi. Nikalijaribu gari. Kimya! Lilikuwa laini kama jipya. "Itanyamaza wiki mbili, tatu hivi," akaniambia. "Uza haraka." Nilimshukuru. Kesho yake nilimpelekea kabeji mbili kubwa. Hizo kabeji zinaniuma mpaka leo.

Kama ningemuuzia mtu nisiyemjua, dhambi ingekuwa ile ile. Lakini nilimuuzia Esta.

Esta alikuwa mshonaji wa Gilgil, fundi wa sare za shule. Tulijuana kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa, tumeimba pamoja, tumelala chumba kimoja kwenye makongamano. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Ungemwona akikata kitambaa ungedhani mkasi unajua njia wenyewe. Kazi ilikuwa imemzidi, akataka gari dogo la kusambazia sare mashuleni. Aliposikia nauza, akanipigia mwenyewe.

Nilimpelekea gari Gilgil. Tukazunguka mji, yeye ndiye dereva, anatabasamu. Nilijifanya mwaminifu nikamuuliza, "Esta, hutaki kumwita fundi aliangalie?"

Akanishika bega. "Wambui, si ni wewe? Nimwite fundi aje anichunguzie wewe?"

Na mimi nikacheka. Unasikia? Nikacheka. Kisha akasema tuliombee gari. Tukasimama pale kando, mikono yetu miwili juu ya boneti yenye joto, Esta akaomba kwa sauti, na alipomaliza nikaitikia amina.

Zilipita siku tisa. Jumamosi mchana alitoka Gilgil na sare nyuma ya gari akielekea Nakuru. Alipoupita msururu wa bucha za Kikopey na kuanza kuteremka, giaboksi ikajifunga. Ule unga ulikuwa umenyonya mafuta ukawa uji mgumu, na beringi zilizokufa zikakwama. Magurudumu yakasimama ghafla, gari likaserereka na kubaki katikati ya barabara. Nyuma yake kulikuwa na lori. Dereva wa lori alijitahidi, Mungu ambariki, akafunga breki kwa nguvu zake zote, lakini alimgonga na kumsukuma mpaka kwenye mtaro. Watu wa bucha walikuja mbio na aproni zao nyeupe, wakamvuta Esta nje. Alikuwa hai. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa na mlango, na vidole vilikuwa vimesagika.

Habari ilinifikia siku hiyo hiyo. Unajua nilifanya nini? Nilipika supu. Nilimpelekea supu hospitalini, nikaketi kitandani kwake kama rafiki.

Esta akaniambia, "Mungu ni mwema, Wambui, ningekuwa maiti. Gari lilisimama tu lenyewe. Nafikiri nilikanyaga kitu vibaya. Bado sijazoea."

Alikuwa anajilaumu yeye! Na mimi nikamwambia pole, nikamjazia kikombe.

Jumatatu Mzee Salim akanipigia simu. Kaka yake Esta alikuwa amelivuta gari mpaka kwake bila kujua kwamba mzee analijua. Nilipofika, giaboksi ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, na ndani yake umejaa uji wa rangi ya kijivu.

"Weka mkono," akaniambia.

"Mzee..."

"Weka mkono humo."

Nikauweka.

"Ni nini hiyo?"

"Ni unga wa mbao."

"Nani aliutia?"

"Kuna fundi mmoja pale..."

"Sijakuuliza habari za fundi. Nani aliutia?"

Mafundi wake walikuwa wameacha kazi, wananitazama. Nikasema, "Ni mimi."

Hapo ndipo aliponifokea. "Chuma kuchakaa si aibu! Kila kinachozunguka kitachakaa, na Mwenyezi Mungu hakumlaumu mtu kwa hilo. Mimi nilikwambia mambo mawili, badilisha au sema kweli. Wewe ukaziba mdomo wa mashine isimwambie mwenzako kwamba imekufa. Ile sauti ilikuwa inamwonya mtu, wewe ukainyamazisha! Leo hii nenda ukamwambie kwa kinywa chako. Usipokwenda, kesho nakwenda mimi. Sasa toka, kabla sijakosa adabu mbele ya vijana hawa."

Nitakwambia kitu cha aibu zaidi. Njiani kwenda hospitalini nilikuwa nimemkasirikia yeye. Nilijiuliza huyu mzee ni nani wa kunifokea kama mtoto, mimi mama wa watu. Nilimtukana moyoni mpaka nikafika getini. Pale getini nilisimama, na hasira yote ikageuka ikanirudia, kwa sababu haikuwa na mtu mwingine wa kumkalia.

Nilimweleza Esta kila kitu. Hakulia. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Ulijua tulipokuwa tunaomba?"

"Nilijua."

Akaugeuzia uso wake ukutani.

Gharama za hospitali nilizilipa, na kipande cha shamba nilichopewa na baba kikauzwa. Sikuambii ili unisifu, ilikuwa haki yake. Alipotoka hospitalini nilimpelekea ng'ombe wangu mzuri wa maziwa, nimemfunga kamba, nimejitayarisha kupiga magoti. Esta alisimama mlangoni, mkono umefungwa bendeji, akanitazama.

"Huyo ng'ombe atashona?" akaniuliza.

Kaka yake akanisindikiza mpaka barabarani, mimi na ng'ombe wangu.

Vile vidole havikukunjika tena. Hakushika mkasi tena. Aliajiri wasichana, akawa anawafundisha kwa maneno, anawaonyesha kwa mkono wa kushoto. Kazi iliendelea, lakini mtu aliyezaliwa na kipaji kile akiiona kazi yake inafanywa na wengine polepole na vibaya, wewe fikiria mwenyewe. Hajanisamehe. Akina mama wa kanisa walikwenda kumhimiza anisamehe, nikawakataza nikawaambia wamwache, msamaha ni mali yake. Tukikutana ananiambia "habari" na kupita. Sina la kumdai.

Kwa hiyo usiniambie kila mtu hufanya hivyo. Najua hufanya. Wanaweka mafuta mazito injini isitoe moshi, wanaosha boneti ing'ae, kisha wanaketi hotelini wakicheka na kuita huo ni ujanja wa mjini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sitakubali uwe mmoja wao ukiwa na jina la baba yangu.

Nasaha zangu ni hizi. Litazame gari lako lote, si giaboksi peke yake. Kama bodi ni nzima, injini inavuta vizuri, na unataka kukaa nalo miaka mingine, ibadilishe giaboksi, na hiyo utakayowekewa uisikie ikizunguka kwa masikio yako kabla hawajaifunga. Usifungue ile kuukuu kila mwezi kwa sababu unaogopa kuagana nayo. Kama gari lenyewe limechoka kila upande, basi limekwisha, liuze kwa watu wa vipuri, au kwa mtu yeyote aliyesikia kutoka kwako, kwa maneno yasiyopindwa, kwamba giaboksi imekufa. Atataka kulipa kidogo. Mwache alipe kidogo. Na fundi akikwambia ukweli usioupenda, kaa kwa huyo huyo. Atakayekwambia unachotaka kusikia mkimbie.

Bado nimekukasirikia, na kesho nitakupigia simu nijue umeamua nini. Lakini nakuombea. Mungu akulindie mikono yako na ya wale wanaokuamini. Akupe usingizi wa mtu asiyeficha kitu. Kila utakayeuziana naye, mkikutana barabarani hata baada ya miaka mingi, asimame akusalimie kwa jina na akuulize habari za nyumbani. Uteremke Bonde hili la Ufa na kulipanda salama, wewe na wote watakaokuwa mbele yako na nyuma yako njiani.