Kosa la Binamu

Nyumbani kwetu Umoja tulikuwa wasichana wawili wa jina moja. Mimi na binamu yangu tulipewa jina la nyanya mzaa baba, kama desturi yetu Wakamba, na mama alipoita tuliitika sote. Siku moja binamu alilamba sukari yote, nikachapwa mimi. Mama alikuwa karani wa korti kule Makadara, lakini siku hiyo hakusikiliza utetezi. Hasira ile nimekua nayo.

Sasa amestaafu, anauza miche ya nyanya, zile za kukaangia, mbele ya nyumba. Mimi nafanya kazi maabara, nachunguza bakteria wa mimea. Mwaka juzi nilipima miche yake, kipimo kikasema mizizini mna bakteria wa mnyauko, yule anayeua nyanya shambani. Mama aliacha kuuza siku hiyo hiyo, asije akamharibia mtu shamba. Kitalu ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani asubuhi. Niliumia kumwona amekaa tu.

Lakini miche haikunyauka. Nilimwomba asiing'oe kwanza. Alinung'unika kwamba amechoshwa na kesi za kuahirishwa, kisha akaihamishia kwenye ndoo kuukuu. Ikazaa, tukala.

Kazini tulisoma vinasaba vyote vya bakteria yule, si kile kipande kimoja kinachotazamwa na kipimo. Kumbe alikuwa mwingine, jamaa wa karibu wa yule muuaji. Miaka yote wameitwa jina moja, ilhali huyu anakaa mizizini bila kumdhuru mtu. Tulimtia kwenye miche mizima, hata mmoja haukulegea. Watafiti wengine walirudia kazi yetu wakaona vivyo hivyo, na mwaka huu akatambuliwa kuwa spishi ya peke yake, akapewa jina lake. Nilipoliona limechapishwa nilitabasamu peke yangu kama mwehu.

Nilikwenda moja kwa moja kumweleza mama.

"Kwa hivyo huyu hakuwa na makosa," alisema.

"Hakuwa. Walimchanganya na mwenzake."

Alipangusa mikono kwenye leso.

"Kama wewe na ile sukari," akasema. "Pole, mwanangu."

Sikujua kwamba anakumbuka.

Kesho yake alisia mbegu mpya. Akiwa kitaluni aliniita kwa jina nimletee maji, nami nikaitika, peke yangu.