Chumvi Tumboni mwa Mbwa

Yule mnyama wa kitambaa nilimpata ndani ya balo la nguo kuukuu, sokoni Kasuku, kabla vita havijaufunga mji wetu wa Kindu. Mimi nilisema ni mbwa, jirani yangu akasema ni nguruwe, na muuzaji, kwa kuwa alitaka tuondoke, akasema ni vyote viwili. Nikamwambia basi anipunguzie, maana sijaja kununua wawili.

Binti yangu alipofika miaka miwili, mbwa alikuwa amebaki na jicho moja na sikio moja na nusu, shingo imepata upara pale aliposhikwa, na harufu ambayo sitaieleza. Nikimfua, mtoto alikaa chini ya kamba akimtazama anavyodondosha maji, tayari kunizuia nisimwanue nikaondoka naye.

Wakati huo wa vita chumvi ilifika Kasuku kwa ndege tu, tena kidogo. Ng'ambo ya mto, Alunguli, watu walikuwa na mpunga lakini walikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na ladha. Kikombe kimoja cha chumvi kilileta mchele wa siku tatu kwa nyumba yetu ya watu watano. Nilikuwa na vikombe sita. Nilivipima, nikavipima tena: sita. Tatizo lilikuwa bariera ya askari pale kivukoni. Walimwaga kila kikapu na kukung'uta kila kitenge wakitafuta chumvi ya kunyang'anya. Wenzangu walikwisha kuificha kwenye vilemba na nepi, na askari walikwisha kujifunza vilemba na nepi.

Nani atapekua mbwa anayenuka vile? Mchana mtoto alipolala, nilifumua mshono wa tumbo, nikatoa matambara, nikaingiza chumvi ndani ya mfuko wa plastiki, nikashona kwa uzi wa rangi ileile. Kazi safi.

Alipoamka alimnyanyua, akamshusha. Akamnusa. Kisha akanitazama. Nimetazamwa na wateja wengi walioshuku vipimo vyangu, lakini si kwa namna ile.

"Si yeye," alisema.

"Njo yeye," nilisisitiza.

"Hapana. Huyu mwingine."

Kivukoni mtoto alikataa kumbeba mbwa. Nilimsukumia mikononi huku nikitabasamu kwa ajili ya askari, naye akamtupa chini. Pu! Kitambaa hakianguki hivyo.

Askari aliinama, akamwokota. "Mama, mbwa yako amekula nini?"

"Wali, shefu."

"Wali gani, na Kindu muzima iko na njaa?"

Wanawake waliopanga foleni nyuma yangu walicheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo. Askari alimminya mbwa tumbo, akasikia punje zikisagana, akajua. Nilingoja kofi. Badala yake alimgeuza mbwa, akamwangalia lile jicho lake moja kwa muda mrefu.

"Niko na mutoto kwetu," alisema. "Miaka mbili, kama huyu. Toa chumvi yako, upite nayo yote. Mbwa utaniachia."

Nilishuku mtego. Nikapiga hesabu: siku kumi na nane za mchele kwa kitambaa kinachonuka. Nikapiga tena, jibu likawa lilelile. Sijawahi kupewa bei kama hiyo, kabla wala baadaye.

"Chukua, shefu," nilisema haraka, asije akajirudi.

Mtoto aliyekuwa amemkana mbwa wake alisikia. Alimrukia, akang'ang'ania kwa mikono na meno. Askari alivuta mguu wa mbwa, nami nikamvuta mtoto. Ndiyo, nilikuwa upande wa askari.

"Ee mama!" alipaza sauti mwanamke mmoja wa foleni. "Unamusaidia nani hapo?"

Askari ndiye aliyeachia kwanza. "Mama, unauzisha kitu ya mwenyewe. Muulize mwenyewe kama anauzisha."

Hakuna aliyeuliza, jibu lilikuwa limelala chini likilia. Basi askari akafumua mshono kwa kisu, akachukua vikombe vinne kwa usumbufu, akaniachia viwili na mbwa mwenye tumbo wazi. Siku sita za mchele.

Tangu hapo mtoto hakuniruhusu kumfua mbwa. Alilala akimgeuzia tumbo ukutani, kiganja juu ya mshono, hadi mbwa alipochanika kabisa, na matambara yake aliyakusanya mwenyewe.

Sasa binti yangu ana mtoto wake, ambaye hulala na paka wa kitambaa. Habari za bariera husema hazikumbuki. Juma lililopita, asubuhi alipomleta mtoto kwangu, sikio la paka lilikuwa linaning'inia. Nikachukua sindano.

"Lete nishone, wewe nenda kazini."

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu. "Shona, mama. Niko naangalia."

"Si ulisema hukumbuki kitu?"

"Sikumbuke. Shona tu."

Nilishona polepole, nikimgeuzia mkono ili aone kila tundu. Pikipiki ilikuwa inamngoja nje, dereva akipiga honi. Nilipokata uzi, binti yangu alimpokea paka, akampa mtoto kwanza. Mtoto akamnusa, akamkumbatia. Hapo ndipo mama yake alipoinuka kwenda kazini.