Fiber juu ya lava ya Munigi: siku tatu nilizotibu ugonjwa ambao haukuwepo

Wakuu, salaam kwenu nyote. Yaliyomo humu yamenipata mwenyewe, na pale nilipokosea nitapasema, ingawa ni pachache.

Goma niliondoka wakati wa uasi mmoja, nikarudi wakati wa uasi mwingine. Hapo katikati nilibeba zege Kampala na kujisomesha jioni mpaka diploma ya telecom, yaani mawasiliano. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nasema mapema kwa sababu wapo watakaouliza.

Niliporudi, Papa Kambale, mwenye kampuni ndogo ya intaneti mjini, akanipa jaribio la siku tatu. Alikuwa amepandisha kasi ya mtandao wake wa fiber, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, kutoka giga mbili na nusu hadi ishirini na tano kwa sekunde. Kote safi, isipokuwa laini ya Munigi, huko juu upande wa volkano, iliyokatika kila mara.

Nikiiponya, kazi yangu. Nikishindwa, anaita mafundi kutoka nje. Na nyumbani Mugunga nilikuwa nimeshatangaza kwamba nimeajiriwa.

Sasa darasa kidogo. Kasi ikipanda, alama za mwanga hubanana na kuingiliana njiani, kama padri anayesoma haraka ndani ya kanisa lenye mwangwi. Kwenye kipokezi kuna equalizer, yaani hesabu inayojifunza mvurugo huo na kuunyoosha.

Mradi wangu wa diploma ulihusu equalizer hiyo hiyo. Kwa hiyo niliona mambo yamekwisha: kasi ya zamani ilipita, mpya inagoma, basi ni mvurugo.

Siku mbili nikachezea equalizer. Kila nikiiongezea nguvu, makosa yanazidi.

Papa Kambale anapita nyuma yangu na kikombe cha chai. "Docta, mugonjwa angali anapumua?"

"Anapumua, papa."

"Ni muzuri. Kesho tutamuzika ao tutamuponya."

Siku ya tatu nikapanda Munigi kufuata cable kwa miguu. Miezi kadhaa nyuma, baada ya mlipuko wa volkano, mafundi walikuwa wameilaza upya juu ya lava na kuibana kwa mawe ili isiibiwe. Kazi ya haraka, watu walitaka mawasiliano.

Hapo nikamkuta Mama Furaha, anayefua nguo za watu, anatandaza mashuka juu ya lava. Mawingu yamefunga. Nikamweleza mimi ni nani na nina diploma gani, kisha nikamuuliza zitakauka lini bila jua.

"Papa, jua ya nini? Hii jiwe juu iko baridi, ndani iko moto. Miye naanikaka hapa kila siku. Weka mukono kwa ule ufa."

Niliuweka. Niliutoa upesi.

"Na kwa masomo hawakukufundisha volkano?"

Nilinyanyua jiwe moja lililobana cable: ganda limelainika kwa joto la ufa, mawe yamelididimiza, nyuzi zimepinda. Mwanga unavujia hapo. Kasi ya zamani iliridhika na mwanga hafifu, kasi mpya hairidhiki.

Equalizer hunyoosha alama, hairudishi mwanga uliovuja. Ukiilazimisha inakuza kelele. Na kinachoniuma ni hiki: namba zake kwa Munigi zilifanana na za laini zisizo na shida. Siku mbili ilikuwa inaniambia hapa hakuna mvurugo, nami naibishia.

Mimi na vijana wa kampuni tulikata kipande kile, tukaunga kingine na kukipitisha juu ya nguzo. Kabla ya saa kumi jioni makosa yalikuwa sifuri kwa kasi kamili.

Papa Kambale alitazama skrini, akanipa mkono. "Kesho saa mbili, docta. Na usichelewe."

Kwa hiyo nyumbani sikuwa nimedanganya. Nilitangaza mapema tu.

Funzo langu: pima mwanga kwanza, hesabu baadaye, na muulize anayeishi juu ya jiwe hilo. Nani mwingine hapa amewahi kuamini vitabu akaruka ukaguzi wa macho? Andikeni, nami nitajibu. Wenye wivu na diploma pia mnakaribishwa.