Mbuzi za Wekesa Ndani ya Kompyuta

"Hiyo kompyuta imekula nyumba yangu! Imekula mabati, imekula madirisha, imekula mpaka choo! Imebaki mimi na watoto, na ikitumaliza itaanza kula Lodwar yote mpaka kiwanja cha ndege!"

Huyo alikuwa Mugure, Mama Nafula, jirani yangu, anamfokea mzee wake asubuhi, hata chai haijachemka. Na hiyo nyumba iliyoliwa, mniamini, ilikuwa haijajengwa. Ilikuwa ploti tu, huko Kiminini karibu na Kitale, kwenye mvua na mahindi. Waliinunua zamani, na mpaka huo mwaka wa tisini na tisa ilikuwa imeota majani peke yake. Ng'ombe za jirani wa huko walikuwa wanawaombea maisha marefu.

"Mama Nafula," Wekesa akasema, na ile sauti yake ya mtu aliyelala na hakupumzika, "hii programu bado inafanya kazi."

"Inafanya kazi? Jana umeandika karo ya Nafula ya Januari. Imekwambia inalipwa mwaka gani?"

Wekesa akachungulia sufuria ya chai.

"Sema. Majirani wanasikia, usiwanyime."

"Elfu moja mia tisa."

"Elfu moja mia tisa! Baba yangu hajazaliwa, babu yangu bado anachunga mbuzi Nyeri, na Nafula anadaiwa karo! Wewe nenda kwa yule Mdinka wa kompyuta kule Kakuma akuwekee programu mpya. Ukikataa, hiyo mashine nitaifanya kiota cha kuku. Angalau tutapata mayai."

Sasa ni lazima niwaambie Wekesa ni nani, kwa sababu mkimwona hivi mtafikiri ni mtu wa kufokewa tu. Hapana. Alikuja Turkana kijana, mtu wa ofisi ya mifugo, Mbukusu na koti lake la baridi. Aliambiwa atakaa kidogo ahamishwe. Koti likaliwa na mchwa na yeye bado yuko. Aliingia manyatta za watu akichanja mbuzi, akajua Kiturkana cha kuombea maji, halafu cha kutania, halafu cha kulia matanga. Halafu serikali ikapunguza watu. Wakampa mkono, wakampa barua, wakampa na pesa kidogo. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na shirika moja la wazungu linafunga kambi, linauza vitu. Watu wenye akili walinunua vitanda na friji. Wekesa akanunua kompyuta.

Ndani yake kulikuwa na programu ya hesabu za nyumbani. Pesa imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki nini. Alijifunza peke yake na kitabu kinene kama tofali. Nyanya za Mugure ziliingia humo, sabuni ikaingia, hata ile soda yangu ninayomdai alinionyesha imeingia humo. Kwa mfuko wangu ndiyo haijaingia mpaka leo.

Na humo humo akaweka mbuzi.

Hapo ndipo shida yote ilianza, kwa hivyo mnisikilize pole pole. Wekesa alikuwa na rafiki, Lomuria, mtu wa upande wa Kakuma. Huyo si rafiki wa salamu. Ni yule sisi tunaita lopae, rafiki wa mifugo. Unamwekea mbuzi zako kati ya zake. Anachunga, anakamua, watoto wake wanakunywa. Siku ukiwa na shida unaenda kwake, unakaa, unapewa maziwa, unaomba, anakupa. Na yeye akiwa na shida anakuja kwako, sukari, tumbaku, nguo ya shule ya mtoto, na wewe unatoa. Unaweza kumwuliza mifugo wako aje, wamepata maji, wamepona ule ugonjwa. Idadi ndiyo huulizi. Hata mtoto mdogo hapa anajua.

Wekesa pia alijua. Hakuwahi kumwuliza Lomuria. Lakini mtu wa ofisi ni mtu wa ofisi, kichwa kikikosa namba hakilali. Akafanya ujanja. Akaziandika mbuzi kwa kompyuta kama pesa ya benki, na kuzaa kwao akaweka kama riba. Vitabu vya ofisi vilimwambia mbuzi mzima anazaa namna gani kwa mwaka, akaiambia programu iongeze yenyewe. Basi ikaongeza. Ndani ya kompyuta hakuna ukame. Hakuna fisi, hakuna watu wenye bunduki, hakuna mgeni wa kuchinjiwa. Mbuzi za Wekesa zilikuwa zinazaa kwa stima. Stima ikipotea Lodwar, zinapumzika. Zikawa nyingi mpaka kama zingetoka kweli kwenda kunywa, mto wa Turkwel ungekauka mchana mmoja. Kando ya mbuzi akaweka bei ya soko, na chini kabisa, kwa herufi nene, NYUMBA KIMININI: sebule, jiko, tangi la maji.

Jioni moja Mugure alikuja na uji, akasimama nyuma yake, akasoma. Tangu siku hiyo yeye aliishi Kiminini. Mwili wake tu ndio ulikuwa unauza mboga Lodwar.

Mimi nilikuwa naendesha lori la unga kwenda Kakuma, kwa hivyo hii kelele ya asubuhi niliijua itaishia kwangu. Wekesa alikubali. Sijui kama ni kukubali. Alichoka, na kwa mwanaume aliyeoa hiyo ni kitu kimoja.

"Baba Akol," Mugure akaniambia, "utatubeba. Mimi pia naenda. Huyu nikimwachia atarudi na mashine hivyo hivyo, aniambie Mdinka amesafiri."

Tukaenda. Wakati huo magari yalikuwa yanapangwa yatembee pamoja na askari, kwa sababu ya wale wa porini, kwa hivyo tulisubiri kwa jua mpaka ulimi ukawa kama ngozi ya kiatu. Mugure amekaa katikati, kompyuta kwa mapaja, ameifunika na blanketi vumbi lisiingie. Wekesa kwa dirisha, anaangalia nje. Tukisimama, mama mmoja muuza mkaa akachungulia.

"Mtoto anaumwa?"

"Anaumwa sana," Mugure akasema. "Na baba yake ndiye amemharibu."

Mimi nikacheka. Wekesa hakucheka. Ninamjua, anapenda utani hata ukiwa wake. Nikaona huyu mtu anabeba kitu kizito kuliko ile kompyuta, na hataki kukitua.

Manyok, huyo Mdinka, alikuwa na kibanda ndani ya kambi ya wakimbizi, ukuta wa udongo, paa la mabati ya mikebe ya mafuta iliyonyooshwa. Msalaba umeangikwa juu ya mlango, na Msomali wa kando anamkodishia stima ya jenereta. Kazi yake ni kuwapigia watu chapa barua za kuomba kwenda Australia. Kijana mrefu mpaka akikaa unafikiri bado amesimama.

"Mafi mushkila, mzee," akasema. Hakuna shida. Akaunganisha mashine, akaanza kuilisha diski za programu mpya moja moja. Jenereta inanguruma, jasho linatutoka. Mugure hapepesi macho, kama mtu anayeangalia fundi akiweka mabati.

Manyok alipomaliza akasema, "Sasa iko hapa. Hii inajua mwaka elfu mbili. Karo ya mtoto, khalas, imepona. Lakini ile yako ya zamani nimeiacha pembeni, sijafuta. Utachagua mwenyewe unataka gani. Kwa sababu hii mpya haitaki kuchukua vitu vya ile. Inataka uanze. Uiambie leo, kila kitu, uko na ngapi."

"Haya," Mugure akasema. "Aanze."

Wakaanza. Pesa ya posta, wakaandika. Deni la duka, wakaandika. Manyok akafika mahali, akageuka.

"Mbuzi?"

"Andika kama ile ya zamani," Wekesa akasema, haraka kidogo.

Manyok akafungua ile ya zamani, akasoma. Akasoma tena. Mdinka ni mtu wa ng'ombe, alizaliwa kati ya mifugo hata kama vita ilimtoa huko na miguu tupu. Akaanza kucheka.

"Ya mzee! Tangu umeanza, haijakufa hata moja?"

Wekesa akajikuna shingo.

"Hata moja? Kwetu hata mbuzi za askofu zinakufa!"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke, halafu nikaona uso wa Mugure, nikaufunga. Alikuwa ameacha kuangalia kompyuta. Anamwangalia mzee wake.

"Baba Nafula. Kwani hizi si za kweli?"

"Ni makadirio," Wekesa akasema.

"Makadirio." Alilisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Nimepanga vitanda kwa makadirio. Nimewaambia dada zangu."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Sikukudanganya," Wekesa akasema. "Ziko. Ni hesabu tu ndiyo..."

"Basi leo tutajua. Leo ni siku ya soko la mbuzi. Lomuria hawezi kukosa. Baba Akol, tafadhali, nenda umwite."

Wekesa akainua mkono kidogo kama anataka kunizuia. Halafu akaurudisha kwa goti. Nikaenda. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema nimemkosa.

Lomuria alikuja na fimbo yake na kile kiti chake kidogo cha mbao. Akawekewa nafasi, akakaa. Wakasalimiana, ejok, ejok-nooi, mikono, watoto, mvua, miguu ya Wekesa inauma bado? Tumbaku ikatoka mfuko wa Wekesa bila kuombwa. Lomuria akaiangalia ile kompyuta kwa heshima, kama mtu anavyoangalia mgonjwa wa watu wengine. Wakaongea mvua tena. Naapa Wekesa angeongea mvua mpaka inyeshe.

"Shemeji," Mugure akaingia kati, "samahani. Mbuzi zetu."

"Ziko, mama."

"Ziko ngapi?"

Msomali aliita huko nje kwamba mafuta yanaisha. Lomuria hakumwangalia Mugure, alimwangalia Wekesa, kuona kama yeye ndiye ametuma hilo neno. Wekesa alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Ile nyeupe ya mdomo mweusi na watoto wake," Lomuria akaanza, pole pole, Kiswahili chake cha kuchagua kama mtu anayetoa mawe kwa mchele, "ilienda Lokitaung, kwa mahari ya mdogo wangu Ethuro. Kwa hivyo huko wewe ni mwenye boma, siku ukifika watakuchinjia. Ile ya pembe moja tulichinja wakati malaria ilikushika ukawa huongei. Mzee wetu wa kusoma matumbo akayaangalia, akasema barabara yako haijafika mwisho. Haijafika. Si uko hapa?"

"Niko," Wekesa akasema.

"Zingine njaa. Ule mwaka mbaya. Tulikula zangu, zikaisha, tukakula zako. Watoto wangu wakapona njaa." Akatema tumbaku kando. "Zingine walichukua wale wenye bunduki. Mtoto wangu Lotiir alizifuata. Hiyo unajua."

"Najua."

"Ulikuja kwa matanga. Ulilia."

"Nilikuja."

Mugure alikuwa ameshika kona ya blanketi, anaikunja, anaikunjua. Yeye pia alimjua Lotiir. Alikuwa anamletea maziwa mpaka mlangoni, na alikuwa anamwita mama.

"Zilizobaki ziko," Lomuria akasema. "Unataka mbuzi? Sema. Twende sasa hivi, uchague, sitakataa. Mwenyewe nitazisukuma mpaka lori la Baba Akol. Lakini hii ya ngapi..." Akasimama hapo, akatafuta neno. "Miaka yote hii hujaniuliza. Wale wa ofisi waliokuja na wewe, niliwaona. Wakitaka kurudi kwao ndiyo wanaanza kuuliza ngapi. Wekesa. Unatuacha?"

Mugure akainua kichwa. Nafikiri hata yeye hilo swali hakuwahi kumwuliza hivyo, wazi, bila mabati na madirisha. Na yeye alitaka jibu kuliko Lomuria. Mimi pia nilitaka, sitaficha. Nimezoea kelele za nyumba ile.

Jenereta ikakohoa, picha ya kompyuta ikatetemeka, ikarudi. Kile kimstari cha kuandikia kilikuwa bado kinapepesa mahali pa mbuzi.

"Mzee," Manyok akasema, sasa hacheki, vidole viko juu ya herufi, "mafuta inaisha. Niandike ngapi? Ama nirudishe ile ya zamani?"

Wekesa akavua miwani, akaipangusa na shati ambalo lilikuwa chafu kuliko miwani yenyewe. Akaivaa. Akamwangalia Lomuria, akamwangalia Mugure, na mdomo ukafunguka kidogo kama wa mtu anayetaka kuomba maji. Halafu akasimama, akainama apite chini ya mlango, akatoka.

"Baba Nafula!" Mugure akaita.

Hakugeuka. Nafikiri aliona akimjibu mmoja wao atamvunja mwingine. Alivuka njia ya vumbi, akapita katikati ya mbuzi za sokoni bila kuangalia hata moja, na akaendelea kutembea.