Vidonge vya Kopo la Vifungo

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 2019, fundi wa matundu ya vifungo katika karakana ya suti alijichoma sindano kwenye kidole cha shahada, na hakujua mpaka koti jeupe lilipoanza kuota madoa mekundu.

Mashine ya matundu ilikuwepo. Lakini koti la bei lilipelekwa kwake, maana kidole chake kilinusa uzi uliolegea kabla jicho halijauona. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha na kumpa heshima.

Ganzi ilianza mwaka uliotangulia, kidogo tu, kwenye ncha za vidole.

"Uchovu huo," alisema wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshona kwenye meza ya jirani. "Meza vitamini B. Mimi bila hizo ningeshakuwa gunia."

Pale karakanani vidonge viliazimwa kama uzi. Aliyebakiza dawa aliibandua kwenye pakiti, akaimwaga katika kopo la vifungo, na wenzake wakachota kwa kuangalia rangi. Vya njano, vya waridi, vyote viliitwa vitamini. Ganzi ilipozidi, fundi naye alizidisha vidonge.

"Wifi, mbona havinishiki?"

"Ongeza. Vitamini ni kama mboga, nani kafa kwa mboga? Au unaogopa kunenepa, kaka yangu akukimbie?"

Akaongeza. Miezi ikapita, ganzi ikashuka mpaka miguuni.

Baada ya lile koti alikwenda hospitali, na daktari akamtaka alete kila anachomeza. Alileta kopo. Daktari akavichambua vidonge kutoka kwenye vifungo, uso umemkunjamana.

"Maboksi yake yako wapi, mama?"

"Tunatupa. Yanajaza meza."

"Boksi ndilo linalokwambia umemeza nini na kiasi gani. Hivi vya njano vina vitamini B6. Hivi vya waridi vina B6 hiyo hiyo, tena nyingi, hupewa mgonjwa kwa kipimo na kwa muda. Kidogo hulinda neva, mishipa ya fahamu. Ikizidi kwa miezi, huziharibu."

"Kwa hiyo ganzi niliyokuwa naitibu, ndiyo niliyokuwa nailisha?"

"Acha vyote leo. Hisia huenda zikarudi, huenda zikarudi nusu. Siwezi kukuahidi."

Aliporudi karakanani, wifi alisikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Mimi nameza kimoja, tena nikikumbuka," akasema, kwa sauti ya kusikika meza zote. "Sikukwambia ule kopo zima."

Mafundi wakacheka. Yeye naye alicheka, kwa kukosa la kufanya, huku akijaribu kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Uzi ulipita pembeni. Akajaribu tena, mwenye karakana akimtazama kutoka mlangoni.

Jumatatu iliyofuata wifi alihamia kwenye kiti cha matundu. Yeye alipelekwa stoo kukunja vitambaa, kwa nusu ya mshahara.